Kumlisha mtoto mdogo kwenye nyumba inayokula sinia moja

Nyumba nyingi za Tanga mjini, Ngamiani na Makorora zikiwemo, watoto hupakuliwa kwenye sinia moja, na kuna faida: ndipo mtoto anapojifunza kula kwa mkono wa kulia, kula upande wake na kungoja wakubwa. Ila adabu hizo ni za mtoto wa miaka 3 kwenda juu. Wa chini ya miaka 2 hula taratibu, kaka zake wanamaliza, na hakuna anayejua kashiba au kaonja tu. Akae mkekani na wenzake, lakini awe na bakuli lake na mtu wa kumlisha.

Anza akitimiza miezi 6. Kabla ya hapo ni maziwa ya mama tu, hata maji asipewe. Joto la Tanga si kisingizio, maziwa yenyewe sehemu kubwa ni maji. Mwanzoni vijiko vikubwa 2 au 3 kwa mlo, mara 2 hadi 3 kwa siku, ukipanda pole pole hadi nusu ya kikombe cha mililita 250. Miezi 9 hadi 11, nusu kikombe mara 3 au 4. Akitimiza mwaka, robo tatu mpaka kikombe kizima. Kunyonya kuendelee hadi miaka 2 au zaidi.

Wengi hukosea kwenye uji. Uji mwepesi wa kunywa hujaza tumbo, mtoto akalala, na mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki haupandi. Inamisha kijiko: uji unaofaa hung'ang'ania, haumwagiki upesi. Tia kijiko cha tui zito au karanga zilizosagwa laini, na dagaa wakavu waliotolewa vichwa, wakatwangwa na kuchekechwa. Akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo hupungua sana ifikapo miezi 6, kwa hiyo samaki na maini si anasa. Mchicha uambatane na chungwa la Muheza, husaidia mwili kufyonza chuma, chai huzuia. Asali ingoje mwaka utimie, inaweza kuwa na vijidudu ambavyo sumu yake hulegeza misuli ya mtoto mchanga.

Bibi akikataza yai, usibishane naye jikoni. Nendeni wote kliniki, muuguzi amwonyeshe kadi. Akikubali, hakuna mlishaji kama yeye: ana subira, anaimba, anamsemesha mtoto, na maneno mengi mtoto huyaokota hapo. Kumbana pua ili ameze, hapana. Chakula huingia njia ya hewa.

Akirudi kwenye sinia, akae ubavuni mwa mtu mzima na kitoweo chake kimegwe kwanza, la sivyo atabaki na wali mtupu.

Mzee aliyeng'oka meno naye hupitwa, ila hasemi, anaona haya. Mchambulie samaki miiba, wali wake uwe laini, na sahani yake iwekwe hapo hapo mkekani, si chumbani peke yake.