Mgeni wa Tanga, Vunja Noti Kwanza

Binti wa kaka yangu alikuja kutoka Dar es Salaam na ratiba kwenye simu. Jumamosi saa nne hiki, saa sita kile, saa nane kingine. Nikamwambia, mwanangu, ratiba hiyo utarudi nayo kama ulivyokuja nayo. Tanga hatubandiki raha ukutani. Zipo, tena nyingi, ila lazima uulize, na umuulize mtu anayehusika.

Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, mwaka wa 27 huu, na mambo ya mji huu nayajua kabla hayajatangazwa, maana hupita kwanza mezani kwangu yakiwa vitambaa. Akinamama wakileta vitambaa kumi na tano vya rangi moja, najua kuna shughuli. Wakileta lesi na kuniambia "fundi, safari hii tunataka tung'are mpaka waumie", najua upande wa pili nao wana fundi wao, na shughuli hiyo si ya kukosa.

Kwa hiyo ukishashusha begi, jambo la kwanza si kutoka, ni kuuliza. Kama wewe ni mwanaume, nenda kwenye kahawa saa kumi na moja jioni. Toa salamu, wazee uwaamkie shikamoo, kaa kwenye benchi, chukua kashata. Kunywa vikombe viwili kabla hujauliza lolote, maana mtu wa kikombe kimoja ni mpita njia na hujibiwa kama mpita njia. Waache wamalize habari za mpira na bei ya samaki, halafu ndiyo useme, "Wikiendi hii mjini kuna nini?" Mwanamke utapata majibu mazuri zaidi kwa msusi, kwa mpaka hina, au kwa fundi kama mimi. Gari la matangazo nalo hupita na spika zake, ila mtangazaji humeza maneno. Waulize watoto wanaolikimbilia, wao wameshika kila kitu mpaka kiingilio.

Ukielekezwa, sikiliza vizuri. Barabara za Ngamiani zina namba. Mtu akikwambia shughuli ipo barabara ya kumi na nne usiondoke mbio. Barabara ni ndefu, muulize iko karibu na nini. Ukifika utaona turubai limeziba njia, bajaji zinageuza, na hapo ndipo penyewe.

Sasa taarabu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo wageni wanayoikosea. Mji huu si mgeni wa muziki huo. Kuanzia miaka ya 1960 vikundi vya hapa, Black Star na baadaye Lucky Star, vilitia gitaa la umeme na besi pale ambapo Unguja walijaza fidla na ganuni, na taarabu ikapata mwendo mwingine. Marehemu Bi Shakila, mzaliwa wa Pangani aliyefariki mwaka 2016, aliimbia vikundi hivyo. Ukimkuta mzee anayekumbuka enzi hizo, mnunulie kahawa na umwache aseme. Utajifunza zaidi ya nitakavyokueleza mimi.

Kadi ikisema saa mbili usiku, jua kwamba saa tatu ndiyo wanafunga vyombo, na wimbo wa kwanza ni saa nne. Kwa hiyo mchana lala. Jioni kula kidogo. Vaa ukapendeza, hata kama huna sare. Mtu wa fulana na kaptula hafukuzwi, lakini ataketishwa nyuma karibu na jenereta.

Na vunja noti. Hili nalisema kwa uchungu. Mwaka mmoja niliingia ukumbini na noti moja tu ya elfu kumi, nikijiambia nitapata chenji ndani. Ukaja wimbo wangu, mwili ukanyanyuka wenyewe, nikajikuta mbele ya mwimbaji na ile elfu kumi juu. Nani anamdai mwimbaji chenji? Nilirudi nyumbani kwa miguu saa nane ya usiku, viatu mkononi. Siku hizi mchana napita dukani, naomba noti za elfu moja moja, naziweka kwenye kipochi kidogo mbali na nauli.

Kutunza kwenyewe, yaani kumpa mwimbaji pesa akiwa anaimba, kuna adabu yake. Usikimbilie ubeti wa kwanza. Ngoja ubeti unaosema lako, nyanyuka polepole, cheza ukienda, noti umeikunja kwa urefu na kuinyanyua ionekane, mpe mwimbaji mkononi, rudi ukicheza. Usiirushe kama unayemlisha kuku. Kisha, na hili ndilo kubwa, chunga macho. Ukitunza huku unamtazama mtu, maneno ya ubeti ule umemtupia yeye.

Binti yangu huyo sikumwonya mapema. Alikwenda kutunza kwenye ubeti wa mwanamke anayenyatia vya watu, na kwa furaha zake akawa anamchekea dada mmoja wa meza ya jirani aliyevaa zambarau. Yeye aliona anafanya urafiki. Dada wa zambarau akanyanyuka na elfu tano, akaja kucheza mbele ya meza yetu mpaka vikombe vikatikisika. Ilibidi niende kumwomba radhi, nikamweleza huyu ni mgeni, hajui. Akacheka, akanivuta pembeni, akataka kujua aliyenishonea gauni. Nimepata mteja.

Ngoma za hapa ni nyingine tena. Mdumange utauona kwenye sherehe, na mtoto hata bibi wanaweza kutazama pamoja. Baikoko ni ngoma ya kiuno, inasifika mpaka mbali, lakini usiende na mkweo. Ukiona akinamama wanapunguza watoto eneo lile, amua mapema kama unakaa au unaondoka.

Ukija Mfungo Sita utakuta Maulidi, dufu na zefe barabarani. Pale si ukumbini: jisitiri, kaa upande wenu, simu iweke mfukoni wakati wa dua. Sinia la pilau likija, kula mbele yako kwa mkono wa kulia, usichimbe katikati kufuata nyama.

Mchana wa mjini sina mengi. Makumbusho ya Urithi yako kwenye boma la zamani la Mjerumani, saa moja inatosha. Tazama picha za reli, iliyoanza kujengwa hapa mwaka 1893, na uliza habari ya vita vya Novemba 1914, Waingereza walipotua na jeshi kubwa kutoka India wakarudishwa majini, na nyuki nao wakashiriki kuwauma. Kisha vuka mpaka bustani ya Jamhuri, tazama bandari na kisiwa cha Toten. Kuogelea ni Raskazone, ila uliza kwanza maji yanajaa saa ngapi. Maji yakitoka utatembea kwenye matope ukiyafuata.

Mapango ya Amboni yapo kilomita kama nane kaskazini, upande wa barabara ya Horohoro. Nenda asubuhi. Bodaboda mwambie akusubiri, na usimlipe ya kurudi mpaka mmerudi; sisi yule wetu alilipwa yote, tulipotoka pangoni tukakuta alama za tairi. Vaa viatu vinavyoshika chini, vile ambavyo hutavililia vikichafuka. Tochi ya kichwani ni bora kuliko ya simu, kwa kuwa kuna mahali utainama na kushika ukuta kwa mikono miwili. Ndani ni giza lenye harufu ya popo. Wanaoongoza wageni watakuonyesha mawe yenye maumbo, watakusimulia habari za Osale Otango, mtu aliyesakwa na serikali ya mkoloni, aliyesemekana kujificha humo miaka ya 1950, na watakufikisha kwenye mzimu, penye chupa na vitambaa walivyoacha watu waliokuja kuomba. Usiguse, usicheke. Binti alitaka kupiga picha, nikamwambia kuna mtu aliyekuja pale akililia mtoto, picha yako ya nini? Akisema mzee mmoja kwamba pango hili linatokea Mombasa, nawe usibishane naye. Muulize nani aliyefika.

Kusini, barabara ya Pangani, ni safari ya siku nyingine. Tongoni kuna magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo, mji wa Waswahili wa karne nyingi. Wareno wa Vasco da Gama walipita maeneo hayo mwaka 1498 na meli yao moja ikapanda mwamba. Upande huohuo, Machui, amezikwa Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909 na kufariki 1962. Mimi nilikwenda na daftari langu la shule ambamo niliandika tenzi zake kwa wino wa bluu. Omba dua, kaa kimya, ondoka.

Mpira, kama Coastal Union wanacheza Mkwakwani, nenda hata kama huupendi. Klabu ni ya mwaka 1948, makao yake barabara ya kumi na moja, jina lao Wagosi wa Kaya. Walichukua ubingwa wa Bara mwaka 1988 na tangu hapo hakuna mgeni ambaye hajakumbushwa. Burudani iko kwa wazee wa jukwaani zaidi kuliko uwanjani. Usiseme mbele yao kwamba unashabikia timu ya Kariakoo, Simba au Yanga.

Ukitoka kwenye taarabu usiku wa manane, usilale na njaa. Tafuta mkate wa ajemi na chai ya maziwa, na asubuhi supu ya pweza. Na usije ukawa "waja leo waondoka leo", lala angalau usiku mbili: mmoja wa kuuliza na mmoja wa shughuli.

Binti aliondoka Jumapili mchana, ratiba yake bado kwenye simu, alichofuata humo ni Amboni peke yake. Kabla ya kwenda stendi nilimsimamisha mbele ya kioo nikampima. Vipimo vyake viko kwenye daftari langu, ukurasa wa akina dada wa barabara ya kumi na nne. Shughuli ni mwezi ujao, sare ni kijani, na yule wa zambarau ndiye aliyesisitiza tumwalike.