Breki za trela zito la farasi: hakikisha unaweza kuzifunga peke yake

Unapochagua breki za trela la farasi wawili au zaidi, chagua za umeme zenye kidhibiti ndani ya gari, chenye kitufe au mkono wa kufunga breki za trela pasipo kukanyaga breki za gari. Breki za kusukumwa hufanya kazi pale tu trela linapolisukuma gari kwa mbele, na kwa hiyo trela likianza kuyumba mteremkoni dereva hana namna ya kulivuta nyuma linyooke, ilhali kwa kidhibiti huminya kidogo tu na trela likanyooka. Tafuta kidhibiti kinachopima jinsi gari linavyopunguza mwendo, kwa sababu kinachotoa nguvu ileile kila mara humshtua farasi, naye hupiga hatua kutafuta mizani na uzito wote ukahama pamoja naye.

Rekebisha nguvu ya kidhibiti farasi wakiwa ndani ya trela, kwenye barabara kavu iliyo tambarare, kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa: minya mkono, uhisi trela likikuvuta kwa nguvu bila tairi kuburuzika. Ukirudi na trela tupu, punguza nguvu hiyo, la sivyo magurudumu yatajifunga.

Njia hii haifui dafu pale waya wa ardhi (unaorudisha umeme wa breki) ulipopata kutu au grisi ilipovujia lainingi (bitana la breki linalosugua drami), na kwenye mteremko mrefu drami hupata moto na breki kulegea, hivyo shuka kwa gia ndogo.