Kubadilisha Sifa za Maumbo katika Web VPython

Web VPython, inayopatikana glowscript.org, hukuwezesha kuandika Python (lugha ya programu) ndani ya kivinjari na kuona papo hapo maumbo ya pande tatu yakitembea. Jambo la kushika mapema ni kwamba umbo huundwa mara moja tu na kupewa jina. Mabadiliko yote yanayofuata hufanywa kwa kuzipa sifa za umbo hilohilo thamani mpya.

mpira = sphere(pos=vector(0,5,0), radius=0.5, color=color.red)

Ukiongeza mstari wa mpira.color = color.green, tufe hilo jekundu litageuka kijani. Rangi usiyoijulia jina huandikwa kwa namba tatu zilizo kati ya 0 na 1, kwa mfano vector(1,0.6,0), wala si hadi 255 kama wazoeavyo watengenezaji wa tovuti.

Mwendo nao ni sifa ya pos (mahali umbo lilipo) inayobadilishwa tena na tena ndani ya kitanzi, yaani amri zinazorudiwarudiwa. Hapa mpira unaanguka na kudunda juu ya sakafu iliyo kwenye kimo cha 0:

kasi = vector(0,0,0)
dt = 0.01
while True:
    rate(100)
    kasi.y = kasi.y - 9.8*dt
    mpira.pos = mpira.pos + kasi*dt
    if mpira.pos.y < mpira.radius and kasi.y < 0:
        kasi.y = -kasi.y

Usiuache mstari wa rate(100), kwa sababu ndio unaozuia kitanzi kisizidi mizunguko 100 kwa sekunde na kukipa kivinjari nafasi ya kuchora. Na kwa kuwa dt, yaani muda wa kila mzunguko, ni sekunde 0.01, mpira utaanguka kwa mwendo wa kweli.

Wanaoanza huvutiwa kuandika sphere ndani ya kitanzi. Kila mzunguko basi huzaa tufe jipya huku ya zamani yakibaki palepale, hadi kivinjari kinakuwa kizito. Anayetaka kuona njia uliyopita mpira aongeze make_trail=True wakati wa kuuunda, na anayetaka kuuficha aandike mpira.visible = False.

Sifa inayohitaji uangalifu zaidi ni axis ya sanduku (umbo liundwalo kwa box, hapa limepewa jina sanduku), kwa maana hubeba mwelekeo na urefu kwa pamoja: sanduku.axis = vector(0,3,0) hulisimamisha sanduku na papo hapo kulipa urefu wa 3. Ukitaka kuligeuza bila kulirefusha wala kulifupisha, andika sanduku.axis = sanduku.length*norm(vector(1,1,0)), ambapo norm hubakiza mwelekeo tu kwa kuufanya urefu wa vekta kuwa 1.