Ukitaka Historia ya Lushoto, Uliza Habari za Mvua

Mimi ni mzaliwa wa Lushoto, na kosa la kwanza nililifanya kwa babu yangu mwenyewe. Nilimwendea na daftari: "Shikamoo babu, naomba unisimulie historia." Akaitika marahaba, akakohoa, akanitajia Wajerumani, Waingereza na Nyerere, akanyamaza. Hayo nilishayasoma darasani. Jioni, tukimenya viazi, nikamuuliza kwa nini hapendi kusikia neno "matuta". Aliongea mpaka chai ikapoa.

Kwa hiyo daftari liache kwenye mkoba. Nenda alasiri, watu wakisharudi shamba, na usiende mikono mitupu: kilo ya sukari na majani ya chai vinatosha. Salimia, ulizia mifugo, ulizia mahindi, kisha uliza mvua zilikuwaje zamani.

Mvua ndiyo mlango. Kwa Wasambaa, mfalme alipimwa kwa hali ya nchi. Nchi ikistawi, wazee husema "kuzifya shi", yaani kuiponya nchi. Ikiharibika, ni "kubana shi". Yataje maneno hayo mawili tu, hata kama Kisambaa chako ni cha kuungaunga kama changu, halafu tulia. Utafika kwa Kimweri ye Nyumbai, mfalme aliyetawala akiwa Vugha, makao makuu yake, na kufariki 1862, na jinsi ukoo wake ulivyogombana baada yake. Utasikia mwanawe Semboja alivyokaa Mazinde, chini nyikani, ilikopita misafara ya biashara. Hapo ndipo habari za watu kuuzwa utumwani hujitokeza. Usiulize mbele za watu ukoo gani uliuza na upi uliuzwa. Mzee akitaka atakuambia mkiwa wawili.

Kuhusu Mbegha, mwanzilishi wa ufalme huo, yule mwindaji aliyetoka milima ya Nguu, aliyeota meno ya juu kwanza na kuitwa kigego, yaani mtoto wa mkosi, sikiliza kwanza msimuliaji ni wa ukoo gani. Mkilindi, yaani mtu wa ukoo wa kifalme uliotokana na Mbegha, atakusimulia mkombozi aliyewagawia watu nyama na kuua simba. Asiye Mkilindi huenda akatabasamu kidogo kabla ya kuanza. Mimi huandika masimulizi yote mawili, wala sijaribu kuyapatanisha.

Tarehe usizidai. Babu hajui alizaliwa mwaka gani. Nilimuuliza, "Wakati wa matuta ulikuwa unachunga mbuzi au umeshashika jembe?" Akasema alikuwa anachunga. Waingereza walianzisha mpango wao wa kuzuia mmomonyoko bonde la Mlalo mwaka 1946, ukaenea Usambara, ukafa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa sababu watu waliukataa. Hapo nikapata makadirio ya umri wake. Nikapata na jambo kubwa zaidi: mama yake alilazimishwa kuchimba matuta kwenye mteremko, na watu wakaona mtawala anayekubali kazi ile anaibana shi. Siasa ya kudai uhuru, kwa babu, ilianzia kwenye jembe.

Mjini kwenyewe pitia haraka. Wajerumani walipaita Wilhelmstal, bonde la Wilhelm, kwa heshima ya Kaisari wao. Majengo yao utaoneshwa na kila mtu, hata usipouliza. Mimi ningekushauri nusu siku hiyo uitumie Vugha, ukiwa na mwenyeji wa kukutambulisha. Usipige picha makaburi wala sehemu za tambiko kabla ya kuruhusiwa. Na ukikatazwa, usiombe mara ya pili.

Ukishaaga, andika yote usiku huohuo, kabla hujapanda gari la kushuka Mombo. Barabara ile ina kona nyingi, na kalamu haishikiki. Mimi niliwahi kuahirisha hadi Tanga, nikafika nimebaki na majina matatu na ladha ya makande ya bibi.

Kisha rudi. Safari ya pili mpelekee mzee ulichoandika, umsomee kwa sauti. Babu alinikatiza mara kadhaa. Mara ya mwisho ilikuwa pale nilipoandika kwamba mbuzi walikuwa wanne. Walikuwa saba, akanitajia na rangi zao.