Jinsi ya kuiona Tarantula, kitalu cha nyota katika galaksi jirani

Mtu wa London hawezi kuliona Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani yetu, hata akeshe mwaka mzima, kwa sababu kwake halichomozi. Sisi wa karibu na ikweta tunaliona. Ndani yake mna Nebula ya Tarantula, wingu la gesi lililopewa jina la buibui, mahali panapozaliwa nyota kwa kasi kuliko kwingine kokote katika galaksi za jirani.

Hatua ya 1: Chagua usiku usio na mbalamwezi. Mwanzoni mwa Februari, kwenye saa tatu usiku, Tarantula hufika kileleni upande wa kusini. Kilele chenyewe ni kifupi: kama nyuzi 28 kutoka upeo ukiwa Dar es Salaam, 22 ukiwa Nairobi. Kwa hiyo taa za mji ziwe nyuma yako.

Hatua ya 2: Kaa gizani nusu saa. Simu izime kabisa. Tochi ifunge nailoni nyekundu.

Hatua ya 3: Tafuta Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote, kisha shuka kusini hadi Canopus, ya pili yake. Nyoosha mkono, kunja ngumi: hiyo ni takriban nyuzi 10. Teremka karibu ngumi mbili chini ya Canopus, kulia kidogo. Utaona kipande cha wingu kisichosogea. Hiyo ni galaksi nzima, na nuru yake imesafiri miaka 160,000.

Hatua ya 4: Elekeza darubini ya macho mawili ya 10x50 (inayokuza mara 10, lenzi za milimita 50) upande wa kushoto wa wingu hilo. Doa angavu lenye ukungu ndilo Tarantula. Usilikazie macho, tazama pembeni yake kidogo, litakolea. Mwenye darubini kubwa aongeze kichujio cha oksijeni, yaani kinachopitisha nuru ya gesi hiyo tu, nayo miguu ya buibui itajitokeza.

Hapa usiharakishe. Katikati ya doa kuna kundi la R136, nyota zenye umri wa miaka milioni moja au mbili tu, changa mno. Mojawapo, R136a1, ina uzito wa takriban Jua 200. Mionzi yao ya urujuanimno ndiyo inayoiwasha gesi unayoiona. Nyota nzito hazidumu: mwaka 1987 moja ilionekana ikilipuka pembezoni mwa nebula hii, kwa macho matupu.

Hatua ya 5: Chora ulichokiona papo hapo, kwa penseli. Rudia kabla ya Aprili, maana baada ya hapo wingu huwa limeinama kusini-magharibi mapema jioni.