Mtoto, kiwavi wa mndimu na njia ya kufika maabara

Mtoto akiuliza kwa nini kile kidudu kwenye mndimu kinafanana na mavi ya ndege, usikimbilie kumjibu. Mpe dumu na daftari.

Kidudu hicho ni kiwavi wa kipepeo wa michungwa. Mayai ya kipepeo huyo hutagwa moja moja kwenye majani machanga: vipunje vya njano hafifu, vidogo kama kichwa cha pini. Viwavi wachanga wana rangi ya kahawia iliyoiva na mabaka meupe, wakikua hugeuka kijani. Ukimgusa mkubwa, huchomoza nyuma ya kichwa pembe mbili laini zenye harufu kali. Hazidhuru.

Kata shingo ya dumu la maji la lita 5, tandika karatasi chini, funika kwa kitambaa cha pazia jepesi. Usitumie chandarua cha mbu chenye dawa, kitawaua wote. Chomeka tawi la mndimu kwenye kichupa cha maji na uzibe mdomo wake kwa pamba, la sivyo viwavi huteremka na kuzama. Wanne kwa dumu wanatosha. Majani yabadilishwe na kinyesi kitolewe kila siku; wakisongamana kwenye unyevu hulegea, huwa weusi na kufa. Weka pia kijiti kirefu: kipepeo asipopata pa kuning'inia akitoka kwenye pupa (hatua ya kutulia kati ya kiwavi na kipepeo), mabawa hukauka yakiwa yamejikunja.

Daftarini ziingie tarehe, saa, urefu kwa milimita, na vifo. Hasa vifo.

Ipo siku pupa atatoboka tundu dogo na badala ya kipepeo watoke nyigu wadogo mno. Wazazi wengi hutupa dumu hapo, na ndipo utafiti ulipokuwa unaanza. Muulize mtoto: nyigu hawa waliingia lini? Akusanye mayai 8 na viwavi wakubwa 8, awalee kwenye madumu tofauti, ahesabu waliotoa nyigu kila upande. Wote wakitoa vipepeo, alete na pupa waliokuwa nje tangu mwanzo. Huenda nyigu hushambulia wakati huo. Wanane ni wachache mno kwa kuamua, kwa hiyo arudie miti ikichipua tena.

Swali hilo lina watu wanaolipwa kulijibu. Mwaka 1993 watafiti wa icipe, kituo cha wadudu kilichopo Nairobi, waliachilia pwani ya Kenya nyigu aitwaye Cotesia flavipes ili apunguze viwavi wanaotoboa mabua ya mahindi.

Shuleni njia inajulikana. Kwa Tanzania, kidato cha tano ni PCB (fizikia, kemia, biolojia) au CBG (kemia, biolojia, jiografia), kisha shahada ya zoolojia au fani iliyo karibu nayo, uzamili, uzamivu. Wengi hukwamia hesabu. Wanafunzi wa PCB huiona BAM, yaani somo la hesabu za msingi (Basic Applied Mathematics), kama mzigo wa kupitia tu, kumbe bila takwimu hutajua kama tofauti ya 3 kati ya 8 ni kitu au ni bahati.

Akitafuta nafasi ya kujitolea maabara, asiandike barua ya kusifu mapenzi yake kwa sayansi. Mistari mitano inatosha: swali lake, alichofanya, alichohesabu, kilichoharibika, anachotaka kujifunza. Aambatanishe jedwali la ukurasa mmoja, na pupa waliokufa wabaki humo.