Kabla hujaenda Kentucky kuwinda bourbon mpya

Anza na kalenda. Wapenzi wengi wa bourbon, wiski ya Kimarekani ya mahindi, hukata tiketi ya Louisville, jiji kubwa la Kentucky, pale nauli inaposhuka, ndipo wanaanza kuulizana kuna kipi kipya kitakachotoka. Wanaanza mwisho. Matoleo yanayosubiriwa kwa hamu yana msimu wake, na sehemu kubwa ya msimu huo ni kati ya Septemba na Novemba. Kiwanda cha Old Forester hutoa Birthday Bourbon yao Septemba, kuadhimisha tarehe 2 aliyozaliwa mwasisi wao George Garvin Brown, na wamekuwa wakifanya hivyo tangu 2002. Four Roses nao hutoa toleo lao maalumu la mwaka kipindi hichohicho. Kisha Buffalo Trace huja na Antique Collection, mkusanyo wenye wiski kama George T. Stagg na William Larue Weller, pamoja na chapa ya Pappy Van Winkle, ambayo wengi tunaijua kwa jina na wachache sana kwa ladha.

Nje ya msimu huo hutakosa kitu. Heaven Hill hutoa Old Fitzgerald, ile ya chupa ya mapambo, mara mbili kwa mwaka. Booker's hutoka kwa mafungu kadhaa. Elijah Craig Barrel Proof, yaani isiyopunguzwa maji, hutoka mara tatu, na kila fungu lina alama ambayo ukijua kuisoma hudanganywi na muuzaji: A124 ni fungu la kwanza la mwaka, la Januari, mwaka 2024. Ila jihadhari na Jumamosi ya kwanza ya Mei. Hiyo ni siku ya Kentucky Derby, mbio za farasi, na vyumba vya hoteli Louisville hupanda bei kupita kiasi. Julai na Agosti nako kuna lake: viwanda vingi husimamisha mitambo kwa matengenezo wakati wa joto. Wageni hupokelewa kama kawaida, lakini waweza kulipia ziara ukaoneshwa matangi matupu. Uliza kabla ya kulipa.

Jambo linalowaumiza wageni zaidi ni kudhani kwamba atakayefika mapema ndiye atakayepata. Kwa matoleo makubwa, zama za kulala kwenye kiti mlangoni zimepungua sana. Viwanda vimehamia kwenye bahati nasibu: unajiandikisha mtandaoni siku chache zilizotangazwa, jina likichomoza ndipo unaruhusiwa kununua chupa moja, na mara nyingi lazima uje uichukue mwenyewe. Kwa hiyo ratiba ya kujiandikisha ina uzito kuliko ratiba ya ndege. Majimbo kama Pennsylvania na Virginia, ambako serikali ya jimbo ndiyo inayouza pombe kali, yana bahati nasibu zao pia, lakini zimewekwa kwa ajili ya wakazi, na mgeni wa hotelini hahesabiki.

Foleni halisi iliyobaki ni ya Buffalo Trace pale Frankfort, mji mkuu wa Kentucky. Duka la kiwanda huweka mezani chapa zinazotafutwa kwa zamu, leo Blanton's, kesho Eagle Rare, keshokutwa Weller au E.H. Taylor, na hukagua kitambulisho ili mtu asirudi kuchukua chapa ileile kabla ya muda waliouweka. Ziara zao hazilipiwi, jambo ambalo kwa Kentucky ya leo ni nadra, ila nafasi hujaa mapema. Weka nafasi ya ziara kwanza, chupa uichukulie kama nyongeza ya bahati. Aliyefika kwa ajili ya Blanton's akakuta siku ya Eagle Rare hana wa kumlaumu, na Eagle Rare si adhabu.

Hapa inafaa tukumbushane toleo jipya ni kitu gani hasa. Wiski iliyomo ndani si mpya hata kidogo. Bourbon ikitoka mtamboni ni nyeupe kama gongo. Rangi yote, na sehemu kubwa ya ladha, hutoka kwenye pipa jipya la mwaloni lililochomwa ndani kwa moto. Sheria ya Marekani inalazimisha pipa hilo, kama inavyolazimisha mahindi yasiwe chini ya asilimia 51 ya nafaka. Chupa ya miaka kumi inayogombewa 2026 ilipikwa si baada ya 2016. Hakuna kelele za wanunuzi zitakazoongeza pipa hata moja kwenye lile fungu, na hata hayo mapipa yaliyopo hupungua kila mwaka kwa wiski kuvukia hewani ghalani.

Ndiyo maana chapa changa yenye bourbon kongwe inapaswa kukufanya uulize maswali. Kiwanda kilichofunguliwa miaka mitatu iliyopita hakiwezi kuwa na wiski yake ya miaka minane. Imenunuliwa kwingine, na si siri wala si dhambi: sheria inataka lebo ionyeshe jimbo ilikopikwa kama si lile la anwani ya kampuni, na ukigeuza chupa nyingi za namna hiyo utakuta Indiana. Huko, mjini Lawrenceburg, kuna kiwanda kikubwa ambacho kwa miaka mingi kimepikia chapa za watu wengine, na baadhi ya wiski zake ni nzuri mno. Ninachokipinga ni kulipa bei ya upya kwa hadithi ya babu aliyeacha siri ya mapishi, wakati kilichobadilika ni karatasi ya mbele. (Na kwa kuwa tumeitaja: kuna Lawrenceburg nyingine iliyoko Kentucky, yenye Wild Turkey na Four Roses. Ukiandika jina hilo kwenye ramani ya simu, hakikisha jimbo, la sivyo utajikuta kando ya mto Ohio ukimtafuta Jimmy Russell, mpikaji mkongwe wa Wild Turkey.)

Maneno mengine ya lebo jifunze ukiwa nyumbani, kwa sababu dukani utakuwa na dakika chache na watu nyuma yako. Bottled-in-Bond ndilo lenye meno: kwa sheria ya 1897, wiski hiyo ni ya kiwanda kimoja, msimu mmoja wa kupika, imekaa angalau miaka minne kwenye ghala lililo chini ya usimamizi wa serikali, na ina kilevi cha asilimia 50 kamili. Straight inamaanisha angalau miaka miwili, na ikiwa chini ya minne umri lazima uandikwe. Small batch haina maana yoyote kisheria. Pipa moja, yaani single barrel, maana yake chupa ya rafiki yako na yako zinaweza kutofautiana hata kama lebo ni ileile, na kwangu mimi huu ndio upya wa kweli ambao duka la kiwanda linaweza kukupa siku yoyote ya mwaka bila bahati nasibu.

Hali ya soko nayo izingatie, maana imegeuka. Kentucky ina mapipa zaidi ya milioni 14 yaliyolala maghalani, ilhali watu wake ni kama milioni 4.5. Walipika kwa kasi ya miaka ya neema, na sasa wanywaji wamepunguza mwendo. Mwishoni mwa 2025 Jim Beam walitangaza kusimamisha upikaji katika kiwanda chao kikuu cha Clermont kwa mwaka 2026, kituo cha wageni kikiendelea kuwa wazi. Viwanda vidogo kadhaa vimeingia kwenye madeni na kufungwa. Kwa msafiri hii ina sura mbili: thibitisha kwamba sehemu uliyoipanga bado inapokea watu, na usikubali kwa haraka bei za kulangua. Chupa zilizokuwa zikifichwa chini ya kaunta zimeanza kurudi rafuni.

Umbali hudanganya. Kwenye ramani viwanda vinaonekana vimebanana, kumbe Bardstown iko zaidi ya kilomita 60 kutoka Louisville, Maker's Mark kule Loretto iko mbele zaidi kwa barabara nyembamba za mashambani, na Frankfort iko upande mwingine kabisa. Viwili kwa siku vinatosha, vitatu ni ukomo. Siku ya kwanza, ukiwa bado na uchovu wa ndege, baki Louisville: Old Forester, Evan Williams na Michter's wako Main Street, unatembea kwa miguu. Siku ya pili ipe Bardstown na Loretto, ambako kwa Maker's Mark unaweza kuchovya mwenyewe shingo ya chupa yako kwenye nta nyekundu. Ya tatu ni ya Frankfort na ile Lawrenceburg ya Kentucky.

Usitegemee teksi za kuita kwa simu huko mashambani. Zinaweza kukupeleka, lakini kurudi ni kudra. Ama mlipie gari la watalii, ama mmoja wenu asionje kabisa. Kikomo cha dereva ni kilevi cha asilimia 0.08 katika damu, na vionjo vinavyoonekana vidogo hupotosha: bourbon isiyopunguzwa maji huweza kupita asilimia 60. Kula kwanza, kunywa maji katikati, na kutema si aibu, chombo huwekwa kwa kazi hiyo. Usifungue chupa ndani ya gari, hata kama uko kiti cha nyuma. Mkikwama au mkitamani ugali, Louisville na Lexington zina jamii kubwa za Wakongomani wanaozungumza Kiswahili, na si ajabu mwelekezaji wenu akawa mtu wa Bukavu.

Beba pasipoti yenyewe, si picha kwenye simu. Chini ya miaka 21 haonji mtu, hata awe na mke na watoto. Ikiwa unasafiri na mwenzi asiyekunywa, uliza kama kuna ziara isiyo na kuonja. Maghala na harufu yake yanatosha kuwa safari.

Mwisho ni mizigo, na hapa usomaji wa lebo unarudi. Ndege zinaruhusu lita 5 kwa abiria za pombe yenye kilevi cha zaidi ya asilimia 24 hadi 70, kwenye begi la kusajiliwa, chupa zikiwa hazijafunguliwa. Chupa ya Marekani ni mililita 750, kwa hiyo sita ndizo zinazoingia. Iliyopita asilimia 70 haipandi ndege kabisa, na baadhi ya matoleo makali ya George T. Stagg yamewahi kupita hapo. Wamarekani huandika kipimo cha prufu, ambacho ni asilimia mara mbili. Ukiona zaidi ya 140, inywe hukohuko. Posta ya Marekani haipokei pombe. Ukirudi Dar es Salaam au Nairobi, forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inakusamehe lita moja ya pombe kali, yaani chupa moja na nafasi kidogo. Nyingine zitangaze ulipe ushuru. Na kama unapitia Doha ukapanga kulala mjini, mwambie wakala begi liende moja kwa moja hadi nyumbani, kwa kuwa Qatar hairuhusu abiria kuingiza pombe.